Mafuta ya nazi ya moto, ya baridi, ya kiwandani na yasiyoganda: yapi yanaua vijidudu kweli?

Ukienda kutafuta mafuta ya nazi siku hizi, iwe Kariakoo, Darajani au Kongowea, utakuta chupa za namna nne na bei nne. Kuna ile ya maji ya kunywa iliyojazwa upya, haina lebo, mafuta yake yana rangi ya dhahabu hafifu na yananukia kama kashata. Hayo yamepikwa nyumbani kwa moto. Pembeni yake kuna chupa ya kioo yenye mafuta meupe pe kama maji, lebo inasema yamekamuliwa bila moto, na bei imepanda ngazi. Kuna dumu la kiwandani, mafuta yasiyonukia chochote. Halafu kuna kachupa kadogo kalikotoka ng'ambo, kanakosifiwa kwamba hakagandi hata ukikaweka kwenye friji.

Muuliza bei yeyote ataambiwa zote nne zinaua bakteria, virusi na fangasi. Akiuliza ipi inaua zaidi, mkono wa muuzaji utakwenda kwenye ya kioo au kwenye kale kadogo. Mimi sikubaliani na mkono huo. Kwa upande wa vijidudu chupa tatu za kwanza zimelingana karibu kabisa, na ya nne ndiyo iliyoondolewa kile kilichoyapa mafuta ya nazi sifa yake. Kinachozitofautisha ni mambo mengine, na hayo ndiyo ya kutazama kabla hujatoa pesa.

Kilichomo ndani

Mafuta yoyote ya kula ni trigliseridi: asidi tatu za mafuta zilizoshikana na gliseroli moja. Alizeti na nazi zinaachana kwenye aina ya asidi. Asidi nyingi za alizeti zina kaboni 18. Za nazi ni fupi zaidi, na karibu nusu yake ni asidi moja tu, lauriki, yenye kaboni 12. Kiwango cha kimataifa cha Codex, ambacho maabara hukitumia kutambua mafuta halisi, kinataka lauriki iwe kati ya asilimia 45.1 na 53.2. Inafuata miristiki ya kaboni 14, asilimia 16.8 hadi 21. Palmitiki ni 7.5 hadi 10.2, kapriliki ya kaboni 8 ni 4.6 hadi 10, na kapriki ya kaboni 10 ni 5 hadi 8. Oleiki, inayotawala kwenye mafuta ya zeituni, hapa haivuki asilimia 10.

Ukijumlisha utaona takriban asilimia 90 ya mafuta haya ni ya asidi zilizoshiba, zile ambazo kaboni zake zimejaa haidrojeni. Ndiyo maana hayaharibiwi haraka na hewa, na ndiyo maana yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Chupa iliyoganda Arusha mwezi wa Julai ingekuwa maji matupu Dar es Salaam mwezi wa Februari, na ni mafuta yale yale.

Jambo la kushika ni kwamba hesabu hizo hazibadiliki kwa sababu ya sufuria, mashine ya kukamulia wala mitambo ya kusafishia. Moto wa jikoni hauwezi kuivunja lauriki. Anayekuambia kwamba mafuta ya kupikwa "yamekufa" hajui anachokisema, au anajua na ana chupa ya kioo ya kuuza.

Kinachoua ni kipi hasa

Mwaka 1972 mtafiti wa Marekani, Jon Kabara, na wenzake walichapisha majaribio yaliyolinganisha asidi nyingi za mafuta dhidi ya bakteria. Miongoni mwa asidi zilizoshiba, lauriki ndiyo iliyoongoza. Walipoiunganisha lauriki moja na gliseroli, kitu kiitwacho monolaurini, ukali ukazidi. Lakini gliseroli ikibeba lauriki mbili au tatu, nguvu inapotea. Sasa rudi kwenye chupa yako. Humo ndani karibu kila kitu kiko katika umbo la tatu tatu. Trigliseridi ni panga lililo ndani ya ala.

Wa kulichomoa ni lipasi, kimeng'enya kinachokata mafuta. Tumboni na kwenye utumbo tunacho chetu wenyewe. Kwenye ngozi, kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi hapo hapo, ambao wanakula mafuta na kuziachia asidi. Asidi zikishaachiwa, zinajipenyeza kwenye utando wa kijidudu, ambao nao umejengwa kwa mafuta. Utando unalegea, vilivyomo ndani vinavuja, kijidudu kinakufa.

Ukiielewa njia hiyo, unajua mara moja nani atadhurika na nani hatajali. Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu, hana ngao ya kutosha, na Streptococcus vivyo hivyo. Virusi vyenye ganda la mafuta huharibiwa, angalau maabara. E. coli na Salmonella, bakteria wa tumbo, wamevaa utando mwingine wa nje unaowakinga, kwa hiyo ukimsikia mtu anatibu tumbo la kuhara kwa kijiko cha mafuta ya nazi, mpe maji ya chumvichumvi na umpeleke kituo cha afya. Virusi visivyo na ganda la mafuta, kama vya polio, havina cha kulegezwa. Na mbegu za pepopunda zimejifungia kiasi kwamba mafuta haya hayazifanyi kitu.

Kwa fangasi aina ya Candida kuna kisa kizuri. Watafiti wa Iceland mwaka 2001 waliona kapriki ndiyo iliyoua haraka zaidi, ilhali lauriki ilitosha ikiwa kidogo zaidi ila ilihitaji muda mrefu. Lakini hayo yote yalifanywa kwa asidi zilizokwisha kutenganishwa, ndani ya vyombo vya maabara. Hawakumimina mafuta ya chupa juu ya Candida.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Ukitaka asidi nyingi zilizo huru tayari, basi tafuta mafuta yaliyochacha! Maji yakibaki ndani, trigliseridi hukatika zenyewe polepole, na ndipo ile harufu ya sabuni au ya beberu inapoanza. Kwenye karatasi, hiyo ndiyo chupa kali kuliko zote. Kwenye ngozi inawasha, na kwenye koo inakereketa, kwa hiyo tuiache hapo hapo kwenye karatasi.

Ya moto na ya baridi

Zote mbili zinaanzia mahali pamoja: nazi pevu, mbuzi ya kukunia, na kifumbu cha kuchujia tui. Kwa mafuta ya moto, tui zito linaachwa lilale, asubuhi malai ya juu yanaenguliwa na kuwekwa jikoni kwa moto mdogo. Mwanzoni ni povu jeupe tupu. Baadaye linakatika, mafuta yanajitenga, na mashapo yanaanza kugeuka rangi. Anayejua kazi hii husikiliza zaidi kuliko anavyotazama. Sufuria ikiendelea kutatarika, maji bado yamo, na maji yakiwemo joto halipandi sana juu ya nyuzi 100. Mlio ukinyamaza, maji yamekwisha, na kuanzia hapo joto linapaa. Dakika chache tu zinatenganisha mafuta ya dhahabu na mafuta yenye ladha ya kuungua. Aliyeepua mapema ana chupa yenye maji, itakayochacha. Aliyechelewa ana mafuta meusi.

Mafuta ya baridi yana njia zaidi ya moja. Wengine huacha tui lichachuke lenyewe kwa siku moja hivi mpaka litengane matabaka, wengine hulizungusha kwenye mashine, na wengine hukausha nazi iliyokunwa kwa joto dogo kisha wakaikamua. Faida yake kubwa ni usafi na uhakika. Mzalishaji makini anaondoa karibu maji yote, harufu ni ya nazi mbichi, na chupa ya leo inafanana na ya mwezi ujao. Ya nyumbani inategemea nani alikuwa jikoni siku hiyo.

Watu wengi hushangaa nikifika kwenye fenoli, zile kemikali za mmea zinazozuia mafuta yasiharibiwe na hewa. Lebo nyingi za mafuta ya baridi zinajigamba kwazo. Watafiti wa Sri Lanka walipolinganisha, walikuta mafuta ya moto ndiyo yenye fenoli nyingi zaidi, kwa sababu joto linazitoa kwenye mashapo na kuziingiza kwenye mafuta. Bibi wa Pemba aliyekuwa akichemsha tui lake hakukosea chochote.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, mimi huchagua kwa kumjua mpikaji. Kama namfahamu na sufuria yake naiamini, nachukua ya moto na kubakiza pesa. Kama simfahamu, na hasa kama ni ya kumpaka mtoto, nalipia ya baridi.

Ya kiwandani, inayoonewa bure

Haya hutoka kwenye mbata. Nazi mbichi karibu nusu yake ni maji. Ikianikwa juani au kukaushwa kwa moshi mpaka maji yabaki asilimia 6 hivi, inakuwa mbata, na zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake ni mafuta. Shida iko kwenye kuanika. Mvua ikipiga, au mbata ikirundikwa haijakauka, kuvu wa Aspergillus wanaingia na kuacha sumukuvu. Moshi wa vifuu nao unaacha mabaki yake. Ndiyo sababu mafuta ya mbata hayaletwi mezani kama yalivyotoka kwenye mashine. Yanaondolewa asidi zilizo huru, yanapitishwa kwenye udongo wa kupausha, kisha mvuke wenye joto la zaidi ya nyuzi 200 unafukuza harufu.

Yanayobaki hayana rangi, hayanukii, na fenoli nyingi zimekwenda na harufu. Lauriki imebaki pale pale. Kwa kukaangia ndiyo bora kuliko ndugu zake wote, kwani yanaanza kutoa moshi yakivuka nyuzi 200, wakati ya baridi huanza kwenye 175 hivi. Kukaangia kachori kwa mafuta ya chupa ya kioo ni kuchoma pesa na harufu kwa pamoja.

Yasiyoganda

Hapa kiwanda kimechukua mafuta ya nazi, au ya kokwa za michikichi, kikazitenganisha asidi na kubakiza zile za kaboni 8 na 10. Lauriki imetolewa, karibu yote. Yalitengenezwa kwanza kwa ajili ya wagonjwa ambao miili yao haiwezi kufyonza mafuta ya kawaida, na kwa kazi hiyo yana heshima yake. Kwa kukandia mwili pia ni mepesi, hayaachi ngozi ikinata. Lakini tangazo likiisifu lauriki huku chupa haigandi ndani ya friji, mojawapo kati ya hayo mawili ni uongo.

Kwa ngozi na nywele

Ushahidi mzuri zaidi wa mafuta ya nazi kupambana na vijidudu juu ya mwili wa binadamu unatoka Ufilipino. Mwaka 2008 ilichapishwa kazi iliyohusisha watu wazima 52 wenye pumu ya ngozi, nusu wakipaka mafuta ya nazi ya baridi na nusu ya zeituni, mara mbili kwa siku kwa wiki 4. Mwanzoni watu 20 wa kundi la nazi walikuwa na Staphylococcus aureus kwenye ngozi. Mwishoni alibaki mmoja. Kwenye kundi la zeituni walianza 12 wakabaki 6. Ni kundi dogo, na halikulinganisha ya baridi na ya moto, lakini linaendana na ile habari ya bakteria wa ngozi kulichomoa panga wenyewe.

Usichukue habari hiyo ukaipeleka kila mahali. Uso wenye chunusi hauyapendi mafuta haya, kwa sababu yanaziba vinyweleo. Mba wa kichwani na yale mabaka ya kifuani na mgongoni ni kazi ya fangasi aitwaye Malassezia, na huyu chakula chake ni asidi za mafuta zenye kaboni 11 na kuendelea. Lauriki ina 12. Unayempaka mafuta kwa nia ya kumuua huenda unamwandalia karamu. Na mapunye ya kichwani kwa watoto yanataka dawa ya kumeza kutoka hospitali, kwa sababu fangasi wameingia ndani ya unywele, ambako mafuta ya kupaka hayawafikii.

Kwa nywele chagua yoyote kati ya tatu za kwanza. Watafiti wa India mwaka 2003 walionyesha mafuta ya nazi yanapunguza protini inayopotea kwenye unywele unapooshwa na kuchanwa, ilhali ya alizeti na yale ya madini, yatokanayo na mafuta ghafi, hayakufanya hivyo. Lauriki ni nyembamba, inapenya ndani ya unywele.

Kuhusu kitovu cha mtoto mchanga sitazungusha maneno: usipake mafuta ya nazi, hata yawe ya baridi kiasi gani. Mbegu za pepopunda nimeshazitaja. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kiachwe kikavu na kisafi, na pale tu ambapo watu wamezoea kukipaka vitu vya kienyeji vyenye madhara, kipakwe klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Kumkanda mtoto mwili ni jambo jingine, hilo lina heri yake, mradi kitovu kirukwe.

Na kwa watu wazima, kwa kuwa hakuna anayelisema kwa sauti: mafuta ya nazi na kondomu za mpira havikai pamoja. Mafuta yanaudhoofisha mpira na unapasuka.

Kwa kula

Hapa chupa zote tatu zinafungwa kamba moja. Mwaka 2017 chama cha magonjwa ya moyo cha Marekani kilishauri watu wasiyategemee mafuta ya nazi, kwa sababu yanapandisha lehemu (kolesteroli) mbaya. Uchambuzi wa majaribio 16 uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta lehemu hiyo inapanda kwa takriban miligramu 10 kwa desilita ukilinganisha na mafuta ya mimea yasiyo ya nchi za joto. Mwenye tatizo la moyo au lehemu na abaki na alizeti, na aonje nazi kwa kiasi. Kuyanywa kwa kijiko kila asubuhi ili "kusafisha vijidudu vya tumbo" sioni msingi wake. Mwili utazifyonza asidi hizo kama chakula kingine, na lehemu yako itapanda huku vijidudu vikiendelea na shughuli zao.

Kama unachotafuta hasa ni kuua vijidudu vya mikononi, basi usinunue mafuta, nunua sabuni ya nazi. Magadi makali ya kutengenezea sabuni (kostiki) yanapokutana na mafuta hukata trigliseridi karibu zote kwa mkupuo, na lauriki inatoka ala ikiwa chumvi ya sabuni. Sabuni hii hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, mabaharia wanaijua. Ikitengenezwa kwa nazi peke yake inakausha ngozi, kwa hiyo watengenezaji wazuri huchanganya na mafuta mengine.

Ukifika dukani

Iweke chupa kwenye friji kwa saa chache. Mafuta ya nazi halisi yataganda yote, meupe, sawasawa kutoka juu hadi chini. Kama kuna tabaka la maji maji lililogoma kuganda, yamechanganywa na alizeti au mafuta mengine mepesi. Jaribio hili lina udhaifu mmoja: mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, nayo yana lauriki karibu sawa na nazi na yanaganda vilevile. Si mabaya, ila hayapaswi kuuzwa kwa bei ya nazi, na bila maabara huwezi kuyagundua.

Kwa ya kupikwa, igeuze chupa uitazame kwenye mwanga. Matone ya maji yamelala chini? Irudishe. Fungua unuse: kashata au nazi mbichi ni sawa, sabuni au beberu sivyo. Ukiwa nyumbani usichote kwa kijiko chenye maji, na usiyaweke bafuni, ambako mvuke unaingia kila ukifungua kifuniko. Familia ndogo inunue nusu lita. Ikiisha, mpikaji atakuwa ameshapika nyingine.